Mitihani Mitatu ya Mwalimu Coleta

Mwalimu Coleta alimsaidia mwizi wake kujibu swali. Hilo ndilo watu wa mtaa wetu wa Malangali wanalolisimulia mpaka leo, na wapo wanaocheka mpaka wanashika mbavu. Mimi sicheki. Na wewe ngoja kwanza usikie yote, ndipo uamue kama ni la kuchekwa.

Mwaka huo alikuwa na miaka sabini na moja. Mjane, mwalimu mstaafu, akiishi peke yake kwenye nyumba ya tofali za kuchoma aliyoijenga kwa kiinua mgongo chake, na nyuma ya nyumba ana kishamba cha mahindi na maharage. Miaka thelathini na saba alifundisha darasa la kwanza, la kwanza tu. Walimu wakuu walijaribu kumpandisha la nne, la tano, akakataa. Alipenda kumpokea mtoto asiyejua hata kushika penseli, amwachie akiwa anasoma kibao cha dukani. Nusu ya watu wazima wa mji huu walijifunzia a, e, i, o, u kwake, na kila mmoja atakwambia kwamba hakuwahi kumcheka mtoto aliyekwama ubaoni. Alimsogelea, akainama, akamnong'oneza herufi ya kwanza. Asipopata, akamnong'oneza ya pili. Mtoto akipatia, darasa zima lilimpigia makofi ya kilo, naye Mwalimu alifurahi kuliko mtoto mwenyewe.

Ugonjwa wake ulikuwa huo, kama unataka kuuita ugonjwa. Hakuweza kuvumilia mtu akwame mbele yake.

Mwezi wa tano jirani mmoja aliingizwa mjini kwa simu, akapoteza hela ya mbolea. Yonas, mtoto wa Coleta, akaja na mbinu. Huyu Yonas ana miaka arobaini na moja, amepanga mtaa wa Mazwi, kazi yake kusindikiza mahindi ya tajiri mmoja kwenda Tunduma. Ndiye mtoto pekee aliyebaki. Alimketisha mama yake, akamwambia, "Mama, mtu akikupigia kwa namba usiyoijua, akasema ni mimi, muulize mtoto wako wa kwanza aliitwa nani. Hilo halijui mtu nje ya nyumba hii. Asipojibu, huyo tapeli, kata simu."

Na kweli hakuna aliyelijua. Mtoto wa kwanza wa Coleta alikuwa wa kike, aliitwa Asifiwe, akafa kwa surua mwaka sabini na tisa akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Jina alipewa na baba yake, Andwele, bwana shamba aliyeletwa huku na kazi kutoka Mbeya. Baada ya mazishi halikutajwa tena mbele za watu. Yonas alizaliwa miaka mitano baadaye, akalikuta limeandikwa kwa wino wa bluu kwenye Biblia ya baba yake, akaambiwa ni dada yako, basi, asiulize zaidi.

Jumanne moja ya mwezi wa sita, katika baridi ile ya Ufipa inayomfanya mtu achote maji ya kunawa kisha ayaache hapo hapo, simu ikaita. Coleta alikuwa uani anapukuchua mahindi.

"Mama, ni mimi, Yonas. Simu yangu imeingia maji, hii ni ya mshikaji wangu."

"Mbona sauti siyo?"

"Mafua, mama. Baridi hii."

Coleta hakuwa mjinga, usije ukamdhania hivyo. Aliuliza swali kama alivyoelekezwa. "Kama ni wewe, mtoto wangu wa kwanza aliitwa nani?"

Kikapita kimya. Na kimya kile, masikini, Coleta alikuwa amekisikia kwa miaka thelathini na saba. Ni kimya cha mtoto aliyesimama ubaoni na chaki mkononi, wenzake wote wanamtazama kisogo. Mikono yake ikaacha mahindi.

"Inaanza na A," akasema.

"Anna?"

"Hapana. Fikiri vizuri. Ni jina la kumsifu Mungu. Asi..."

"Asifiwe."

"Vizuri sana," Mwalimu akasema, na furaha ya kweli ikampanda kifuani.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Yule mtu alisema gari lao limegonga ng'ombe wa mtu huko Tunduma, wenyewe wamemzuia, wanataka walipwe sasa hivi. Atume kwenye namba hiyo hiyo, jina litakuja Christopha, ndiye huyo mshikaji mwenye simu. Coleta akafungua huduma ya benki kwenye simu yake, huduma ambayo Yonas mwenyewe ndiye aliyemfundisha, akatuma laki nane na nusu. Jina likaja Christopha kweli. Akaona kila kitu kimenyooka, akarudi kwenye mahindi yake.

Saa kumi na moja jioni Yonas akaingia uani na mfuko wa dagaa, akamwamkia mama yake, na simu yake ilikuwa mfukoni, nzima kabisa.

Coleta hakulia. Alielezwa, akaelewa, akamaliza gunzi lililokuwa mkononi, akachukua jingine. Walikwenda benki, walikwenda polisi, karatasi ikaandikwa, na wakaambiwa hela ilishatolewa ndani ya dakika sita. Kijana mmoja pale akamuuliza, "Lakini bibi, wewe si mwalimu?" Akajibu ndiyo. Mguu ukiukalia muda mrefu, unajua upo lakini huusikii, hata ukiubana kwa kucha. Yeye alikuwa hivyo mwili mzima. Alikula akiletewa chakula, alilala ikifika saa ya kulala. Alisubiri hasira ije, haikuja. Alisubiri aibu, nayo haikuja.

Siku ya nne Yonas akaja kuzungumza. Alikaa kwenye kochi la baba yake, akaweka kofia magotini.

"Mama, nipe hiyo kadi, na namba ya siri tutaibadilisha niwe nayo mimi. Pensheni ikiingia nitakutolea. Siyo kwamba nakunyang'anya. Ukitaka hela utaniambia tu."

Utaniambia tu. Maneno hayo Coleta alishayasikia, kwa mdomo mwingine, na hapa inabidi nirudi nyuma kidogo maana bila hili hutamwelewa.

Alipoolewa, mishahara ya walimu ilikuwa inalipwa taslimu. Unasaini, unapewa bahasha. Coleta alisaini, na bahasha akaipeleka kwa mume wake bila kuifungua. Andwele hakuwa mtu mbaya, nalisema hilo mapema. Hakuwa mlevi, wala hakumpiga mkewe. Alizichukua bahasha zote mbili, yake na ya mkewe, akaziweka kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda, akafunga kufuli, ufunguo akauvaa shingoni. Ukitaka hela utaniambia tu, alisema. Na ukweli ni kwamba ukimwambia alitoa.

Mwaka ule wa sabini na tisa walikuwa wanaishi kwenye nyumba za shule, kijijini. Andwele alikuwa safari ya kazi Mpanda. Asifiwe akashikwa na surua, na siku ya tatu akaanza kuvuta pumzi kwa shida. Asubuhi hiyo lori la mfanyabiashara lilikuwa linakuja mjini, dereva akataka nauli mkononi. Hela ilikuwepo. Ilikuwa hatua nne kutoka alipolazwa mtoto, chini ya kitanda, ndani ya sanduku. Coleta akazunguka nyumba za walimu kukopa, lakini zilikuwa siku za katikati ya mwezi, kila mtu mkavu. Aliporudi na nusu ya nauli, lori lilishaondoka. Akamfunga mtoto mgongoni, akaanza kutembea. Hawakufika.

Kuvunja kufuli hakukumjia kichwani kabisa. Kufuli la mume, nani angelivunja siku zile. Miaka arobaini na sita tangu hapo amelivunja karibu kila siku, akiwa anapepeta maharage au anafua.

Mwisho wa mwezi ule alisaini mshahara, akapitiliza mpaka benki mjini, akafungua kitabu cha akiba kwa jina lake mwenyewe. Andwele alipoona bahasha ni moja hakuuliza, na hakuuliza mpaka anaingia kaburini. Kitabu kilibadilika kikawa kadi, kadi ikaja na namba ya siri, namba ikaunganishwa na simu. Kwa Coleta kilikuwa ni kitu kile kile. Yonas alijua jina la dada yake, lakini habari ya sanduku hakuwa ameambiwa.

"Kadi sitoi," Coleta akasema.

"Mama, watakupigia tena. Hao watu wakishajua umelika mara moja wanauziana namba yako. Na wewe utawasaidia tena kujibu."

Siku nyingine neno hilo lingemchoma. Siku hiyo lilipita tu. Akainuka, akatoa daftari kwenye kabati, akaandika tarehe juu upande wa kulia kama alivyoandika maisha yake yote.

"Nitungie mtihani," akasema. "Mitihani mitatu, kwa kushtukiza, kwa sauti za watu nisiowajua. Nikifeli hata mmoja, kadi nakupa. Nikifaulu yote, usiitaje tena kadi yangu mpaka nife."

Yonas alimtazama sana. Alimjua mama yake, akajua hapo hapasogei. "Sawa," akasema. "Lakini kanuni natunga mimi. Hakuna swali tena. Ukiuliza swali tu umekwisha, maana jibu utalitoa wewe. Namba ngeni, mtu anataka hela au anataka namba zako, kata. Halafu nipigie mimi kwenye namba yangu. Basi."

"Hata akiwa analia?"

"Hata akilia."

"Hata akiwa na sauti yako?"

"Hapo ndipo ukate haraka zaidi, mama. Si umeona walichokufanyia?"

Akaandika. Wote wawili wakasaini chini, ikawa makubaliano.

Sasa kukata simu, kwa mtu aliyelelewa Ufipani, si jambo dogo. Huku mtu hapiti mlangoni kwako bila kusalimiana mpaka kuku wameulizwa hali. Kumkatia mtu katikati ya neno ni kumtemea mate. Ikabidi Coleta ajifunze kama watoto wake walivyojifunza herufi, kwa kurudiarudia, na mwalimu wake akawa Sayi. Sayi ni Msukuma, baba yake alihamia Rukwa na ng'ombe zamani, yeye anauza maziwa kwa baiskeli na kila asubuhi anapita kwa Coleta. Akawa anasimama upande wa pili wa uzio wa matete, anampigia, wanatazamana.

"Haloo Mwalimu, mimi mwanao, nimepata shida huku."

"Pole sana, baba. Samahani, inabidi nikate. Usalimie nyumbani." Ndipo anakata.

Sayi alicheka mpaka madumu yakagongana. "Mwalimu, mwizi unamwagiza salamu?"

"Nitamkatiaje mtu bila kumuaga?"

"Hivyo hivyo. Ukichinja kuku huwa unaongea naye?"

Siku ya kwanza aliaga mara nane. Siku ya pili mara tatu. Siku ya tano Sayi alisema "Haloo Mwa..." na simu ikawa imekatwa, akabaki anaiangalia. "Eeh, umekuwa katili," akasema, akapanda baiskeli. Coleta hakuuona ukatili wowote. Kukata kulikuwa kumekuwa rahisi kwa sababu hakuna kilichouma. Aliifikiria ganzi ile, akaona kumbe ina kazi yake.

Mtihani wa kwanza ulikuja wiki ya pili ya mwezi wa saba. Msichana mwenye sauti laini, eti anapiga kutoka benki, akaunti ya bibi itafungwa leo saa kumi, amsomee namba zilizoingia kwenye meseji. Coleta akakata. Akampigia Yonas.

"Moja," Yonas akasema, na akasikika anacheka.

Wa pili ulikuwa mgumu. Mwanamume wa makamo, ana kigugumizi, ametuma hela kwa makosa kwenye namba yake, anaomba arudishiwe. "Ni hela ya, ya mtoto, ya..." na hapo akakwama. Kimya kile. Midomo ya Coleta ikajikusanya yenyewe kumpa neno, ada, hela ya ada, ilikuwa imeshafika kwenye meno. Akabonyeza kitufe chekundu. Kisha akampigia Yonas.

"Mbili," Yonas akasema. "Mama, unanitisha. Umebaki mmoja, sitakuambia lini."

Ukaja Jumanne ya wiki ya mwisho, saa mbili asubuhi. Namba ngeni.

"Mama."

Haikuwa sauti ya kufanana na ya Yonas. Ilikuwa ya Yonas.

"Mama, usikate. Nimegongwa na bodaboda hapa Tunduma, mkono umevunjika. Nilivyoanguka simu na pochi vikaibiwa. Hii simu ni ya mama muuza chai. Zahanati wanataka hela ya picha ndipo wanishughulikie. Mama, huu siyo mtihani."

Coleta akatikisa kichwa. Hodari, akawaza. Kaweka Tunduma ile ile, simu ya kuazima ile ile, na juu yake kaweka siyo mtihani. Yeye mwenyewe asingetunga vizuri zaidi. Akakata, akapiga namba ya Yonas kama kanuni inavyosema. Haipatikani. Kaizima ili uwe mgumu, akawaza, na hilo nalo akalipa maksi.

Simu ikaita tena.

"Mama, Asifiwe. Jina ni Asifiwe, mtoto wako wa kwanza ni Asifiwe, mama, ni mimi."

Jina lile lilishatoka nyumbani. Yeye ndiye aliyelitoa, herufi kwa herufi, kwa mtu asiyemjua, na sasa lilikuwa la kila mtu, kama noti iliyoshikwa na mikono mingi. Akakata.

Ikaita mara ya tatu. Akaipokea, akaiweka sikioni. Mara hii hakuna aliyesema. Palikuwa na honi za malori kwa mbali, na pumzi ya mtu, na kimya cha mtoto aliyekwama ubaoni. Herufi ya kwanza ikamjia mdomoni. Akaimeza, akakata.

Haikuita tena. Coleta akachukua kalamu nyekundu, akaandika kwenye daftari tatu juu ya tatu, akapigia mstari chini. Halafu akaenda kuanika maharage. Siku hiyo na ya pili yake namba ya Yonas haikupatikana, lakini safari za Tunduma ndivyo zilivyo, chaji inaisha, mtandao unasumbua. Mkewe Yonas alikuwa kwao Mbeya amekwenda kujifungua, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Wala hakuona la kuuliza.

Alhamisi mchana alisikia mlango wa uani. Hakugeuka, alikuwa anainua daftari mezani.

"Yote mitatu," akasema. "Njoo usaini."

Hakusikia shikamoo. Akageuka. Yonas alikuwa amesimama mlangoni, shati la siku nyingi, mkono wa kulia umefungwa kwa khanga iliyochakaa, khanga ya mtu mwingine, na vidole vimevimba vinang'aa.

"Umefaulu, mama," Yonas akasema. "Ila wa tatu sikuwa nimeutunga bado. Nilikuwa nimempanga mtu wa Ijumaa."

Akakaa kwenye kochi la baba yake taratibu, akiulinda mkono. Hakumlaumu. Alieleza kama mtu anayeelekeza njia. Lori lao lilikuwa limeshaondoka na mzigo. Namba ya tajiri ilikuwa kwenye simu iliyoibiwa, ya mkewe pia, ya kila mtu. Kichwani alikuwa na namba moja tu, ya mama yake, kwa sababu mama yake hajawahi kubadilisha laini tangu simu ziingie mjini. Mama muuza chai alimpa khanga na chai, hela hakuwa nayo. Amelala siku mbili kwenye baraza la duka, mpaka akapita dereva anayemfahamu. Vidole viwili vya mwisho vina ganzi. Aliambiwa vitarudi, au havitarudi, inategemea na muda uliopita.

Coleta akamsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anaitazama simu yake juu ya meza. Hela ilikuwepo. Ilikuwa ndani ya simu ile ile aliyoiweka sikioni mara tatu. Mwaka sabini na tisa zilikuwa hatua nne, na safari hii hata hatua moja haikuwepo. Mtoto aliita, hela ilikuwepo, na kufuli lilikuwa limefungwa, na safari hii ufunguo alikuwa ameuvaa yeye.

"Nilikuwa nafuata kanuni," akasema.

"Najua, mama. Niliitunga mimi."

Alimpeleka hospitali mchana ule ule, akalipia kwa kadi yake, akasimama foleni zote mwenyewe. Usiku, mkono ukiwa kwenye plasta, akamwambia habari ya sanduku. Aliisema yote, lori, nusu ya nauli, njia. Yonas akauliza alikuwa mzito kiasi gani, Asifiwe, mgongoni. Coleta akasema alikuwa mwepesi. Alikuwa bado hasikii chochote ndani yake wakati anasema hivyo, na hilo lilimtisha kidogo.

Jumatatu wakaenda benki pamoja. Dada aliyekaa kwenye meza ya huduma alikuwa na kibao kifuani, Jenifer. Akaamkia, akaitikiwa, Coleta akatoa maelekezo bila kumtazama mwanawe. Akaunti ya pensheni ibaki kwa jina lake peke yake, kadi yake, namba yake. Lakini kwa simu isitoke zaidi ya elfu thelathini kwa siku. Inayozidi hapo atakuja dirishani na miguu yake na uso wake, na anayetaka kumdanganya amdanganye foleni nzima ikisikia.

"Tunaweka kikomo, bibi. Hilo linawezekana."

"La pili. Nataka akaunti ndogo, ya watu wawili. Mimi na huyu. Kila mtu na kadi yake. Nitaweka humo hela ya hospitali na nauli, si zaidi. Akija huyu, mpe. Nikija mimi, nipe. Asiulizwe mtu swali lolote."

Yonas akamtazama. "Mama, wakinipora kadi je?"

"Watakula hiyo kidogo. Waile."

Jenifer akavuta fomu, akajaza majina, namba za vitambulisho, akaonyesha pa kusaini. Yonas akasaini kwa mkono wa kushoto, mwandiko wa mtoto wa darasa la kwanza. Mama yake akauangalia mwandiko ule kwa muda mrefu.

"Hii mnaweza kuipa jina lenu mkitaka," Jenifer akasema. "Watu wengine wanaandika Ujenzi, wengine Ada. Tuandike nini?"

"Inaanza na A," Coleta akasema.

Akafungua mdomo aendelee, haikutoka. Kitu kilikuwa kimeanza kuuma chini ya mbavu, kikapanda, kikafika shingoni, na macho yakajaa palepale mbele ya watu wote waliopanga foleni. Mtu aliyefundisha herufi miaka thelathini na saba alikaa pale na herufi moja. Jenifer akashika kalamu akasubiri, hakumharakisha.

Yonas akamsogelea mama yake, akainama mpaka sikioni, akamnong'oneza herufi ya pili.